Meza Yenye Vimo Viwili

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Bariadi iliamka na baridi kavu ya kiangazi. Upepo wa mashariki ulisukuma vumbi barabarani pamoja na vipande vya pamba vilivyodondoka kwenye malori, na mbingu haikuwa na wingu hata moja. Nilisali nikiwa nimejifunika khanga mbili, kisha nikatoka nje kuitazama meza niliyoiegemeza ukutani tangu jana yake. Gundi ilikuwa imekauka. Nikamwambia Mungu: Bwana, leo ndiyo leo. Mzee Hemed anaondoka Jumatatu.

Mzee Hemed ni mtu wa Tanga. Alikuja huku akiwa bwana shamba kijana, akapangiwa Sapiwi, na hakuondoka tena mpaka alipostaafu. Mwaka huu binti yake amemjengea chumba nyumbani kwao, akamwomba arudi akapumzike. Alisema ataondoka baada ya Idi ya kuchinja, na Idi ilikuwa imeshapita.

Yeye, baba mkwe wangu Bujiku na mfugaji mmoja aitwaye Mashimba walijuana kwenye gulio la pamba la Sapiwi. Wakulima walikuwa wanasubiri zamu ya mizani kutwa nzima, na katika kusubiri huko wakaanza kucheza karata juu ya kreti la soda lililopinduliwa, wamekaa juu ya marobota. Msimu ukaisha, karata hazikuisha. Baba alipohamia hapa mjini, kreti lilihama naye. Kila Jumamosi nilipokuwa mke mgeni katika nyumba hii nilisikia karata zikipigwa uani, pa! pa!, na sauti ya Mzee Hemed ikisema, "Lia, Msukuma, lia! Turufu ninayo mimi!"

Wa nne alikuwa mume wangu Joakim. Alikuwa seremala. Alitoka kwenye randa moja kwa moja hadi kwenye kreti, maranda yakiwa bado kwenye nywele. Hawakuchezea fedha. Aliyeshindwa alibangua karanga, walioshinda wakala. Joakim alibangua sana. Nadhani mara nyingine alikubali kushindwa, kwa sababu alipenda kuwaona wazee wanacheka.

Joakim alifariki, Mungu amweke pema, wakabaki watatu. Wakaendelea. Kisha mwishoni mwa mwaka jana baba akapata kiharusi. Mguu ulipona kidogo, akatembea kwa fimbo, ila mkono wa kushoto ulibaki unatetemeka. Jumamosi ya kwanza aliyojaribu kucheza, karata zilimponyoka zote zikaanguka kifudifudi na chali, kila mtu akaziona. Mashimba, ambaye hana ubaya, alicheka kama alivyozoea kucheka. Baba aliziokota moja moja, akazifunga kwa mpira, akamkabidhi mama mkwe. "Kaziweke," alisema. Tangu siku hiyo wenzake wakija, wanazungumza habari za mvua na bei ya ng'ombe, halafu wanaaga mapema.

Mimi nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ya useremala kwa watu wazima. Nilikuwa na vifaa vya Joakim na nilikuwa nimechoka kuvifuta vumbi tu. Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote, na mwanamke peke yangu. Mwalimu Januari alipotutaka kila mmoja abuni kitu cha kumsaidia mtu mmoja anayemjua, sikuhitaji kufikiri.

Nilihitaji kusali, hiyo ni kweli. Kanisani kwetu karata hazitajwi vizuri. Niliomba siku kadhaa, na jibu nililopata halikuwa sauti. Lilikuwa ni kumwona baba asubuhi moja amekaa kwenye kiti chake, mkono wa kulia umeushika wa kushoto kama mtu aliyemkamata mwizi. Nikaacha kuuliza, nikachukua penseli.

Mchoro wa kwanza Mwalimu Januari aliurudisha.

"Umechora meza," alisema. "Mwenye meza yuko wapi? Anza na mtu. Magoti yake yako kimo gani? Kiwiko je?"

"Mwalimu, ni baba mkwe."

"Sasa?"

"Siwezi kumpima baba mkwe kiwiko."

Yeye ni mtu wa Karagwe, lakini amekaa huku vya kutosha. Alicheka, akasema, "Basi pima kiti chake."

Ndivyo nilivyofanya. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Nampigia goti kwa mbali, "Mwangaluka, baba," na chakula chake hupita mikononi mwa mama mkwe, mayu Nyanjige. Kwa hiyo tulimngoja baba aende kuota jua, mimi na mayu tukaingia sebuleni na futikamba kama wezi. Tulipima kile kiti chenye mikono, ambacho tangu augue hakalii kingine.

"Ongeza nafasi ya magoti," mayu alininong'oneza. "Miguu ya huyu mzee ni mirefu kama ya korongo. Ndiyo iliyonidanganya nikaolewa."

Kwa ubao wa juu wa meza nilitumia mlango wa kabati ambao Joakim aliuacha bila kumaliza. Ni mninga. Nilipoupiga randa harufu yake ilitoka ileile, nikalazimika kusimama kidogo. Pembezoni mwa kila upande nilichimba mfereji mwembamba ulioinama nyuma, ili karata zisimame zenyewe bila kushikwa. Niliuchimba pande zote nne. Kama ningeuweka upande wa baba tu, ingekuwa meza ya mgonjwa, naye angeijua mara moja. Kwenye kila pembe nilitoboa tundu la kushikilia kikombe cha bati. Chini niliweka droo mbili ndogo, moja ya karanga, nyingine ya maganda, maana mayu amelalamikia maganda uani tangu nimjue. Pembeni ndoano ya fimbo. Na chini kabisa kifuko cha turubai cha kuwekea karata na miwani.

Miguu nilijifunza kwa fundi cherehani mmoja sokoni, kwenye meza yake ya kupigia pasi. Imepishana kama mkasi, na ya upande mmoja imefungwa chini ya meza kwa bawaba. Ukiikunja inalala bapa, unabeba meza kwa mpini kama sanduku. Ukiifungua, kipande cha mti kinachounganisha miguu ya upande wa pili kinaingia kwenye pengo lililochongwa chini ya meza, na hapo imeshika.

Jumamosi hiyo, baada ya sala ya alasiri, Mzee Hemed alifika na kofia yake nyeupe, Mashimba akamfuata na fimbo ya kuchungia begani.

"Mwadila, wazee," niliwapigia goti.

"Mwadila, mama," alijibu Mashimba. "Hiyo nini umefunika? Mlango?"

"Ulikuwa mlango," alisema mayu. "Sasa kaa kimya uone."

Nilifunua kitambaa, nikaifungua meza, ikashika. Mzee Hemed aliizunguka, akavuta droo, akaona karanga, akavuta ya pili, akaiona tupu.

"Na hii?"

"Ya maganda," alisema mayu.

"Ewallah! Thelathini na ngapi miaka natukanwa kwa maganda, leo ninaaga ndiyo nachongewa droo!"

Baba alitoka ndani na fimbo yake. Aliitazama meza kwa muda mrefu. Aligusa ule mfereji kwa kidole. Mayu alitoa karata kwenye kifuko, akachukua chache, akazisimamisha pale mferejini. Zikasimama. Baba alizitazama, halafu akatazama mfereji wa upande wa Hemed, na wa Mashimba, na ule wa nne.

"Leteni viti," alisema.

Nilikimbia ndani nikimshukuru Mungu kwa sauti. Nilileta kiti chenye mikono na vigoda vitatu. Nikakiweka kiti upande wa baba, nikarudi nyuma mahali pangu, karibu na mlango wa jiko. Ndipo baba alipokishika kile kiti kwa mkono wake mzima, akakiburuta hadi upande wa pili, akampigapiga Mzee Hemed begani.

"Kaa, mgeni."

Yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda.

Meza ilimfika karibu na kidevu. Aliinua mkono wa kulia kufikia karata, na ule wa kushoto, ulipotaka kumsaidia, ulianza kutetemeka kwa kuning'inia hewani. Mashimba naye, kwenye kigoda chake, alionekana kama mtoto aliyefika kwenye kaunta ya duka. Mimi na mayu tuliangaliana. Miezi yote hiyo tulikuwa tumemwona baba kwenye kile kiti, tukasahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua: mgeni akija, kiti si chako tena.

Mzee Hemed aliliona. "Bujiku, ndugu yangu, chukua kiti chako."

"Ukiinuka hapo umenitukana."

"Mimi si mgeni. Nimekula ugali wako mpaka nimeota magamba."

"Jumatatu unaondoka. Anayeondoka ni mgeni."

"Bwana wee, una kichwa kigumu kuliko cha ng'ombe wa Mashimba!"

"Ng'ombe wangu waache," alisema Mashimba.

Lakini baba hakucheka. Mkono ulikuwa unatetemeka, na karata ya kwanza aliyoigusa iliangukia magotini. Aliificha haraka kwa kiganja. "Basi," alisema polepole. "Mkono umechoka leo. Tutacheza siku nyingine."

Hakukuwa na siku nyingine, kila mtu pale alijua. Na mimi sikuweza kumwambia baba mkwe wangu akae wapi. Hilo halisemeki. Niliinamisha kichwa nikaomba, maneno machache tu, Bwana, niongoze, na macho yangu yakiwa chini niliona miguu ya meza.

Fundi cherehani huwa anapiga pasi amesimama. Mjukuu wake akimsaidia, hukaa. Anapanua ile miguu zaidi, na meza inashuka.

"Mayu," nilisema, "mwambie baba anisubiri kidogo tu. Chai haijachemka bado."

Chai ilikuwa imechemka zamani. Mayu alinitazama, akasema kwa sauti ya amri, "Mzee, chai bado. Usiondoke."

Nilichukua patasi na nyundo ya Joakim, nikapiga goti katikati ya wanaume, nikaondoa karata na droo, nikaipindua meza. Nilikikalia kigoda cha tatu, nikapanua miguu, nikaweka alama ya penseli, nikaanza kuchonga pengo la pili, mbali zaidi na bawaba.

"Angalia vidole, mama," Mashimba alisema.

"Mwache, anajua," alijibu baba. Alisema hivyo akitazama pembeni, kama ilivyo desturi, lakini alisema.

Nilipuliza vumbi la mti, nikasimamisha meza. Ilishuka taratibu, ikashika kwenye pengo jipya, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mzee Hemed alitazama kiti chake kirefu, akatazama meza chini, akaangua kicheko.

"Sasa mimi ndiye twiga!" Akakisukuma kiti pembeni, akavuta kile kigoda nilichokuwa nimekikalia, akakaa. "Haya. Sote tuko gulioni. Bado marobota tu."

Baba hakuwa na la kumkatalia. Kiti alikuwa amekitoa, na mgeni mwenyewe ndiye aliyechagua kigoda. Aliweka kiwiko cha kushoto juu ya meza. Mkono ulitulia. Alizisimamisha karata zake mferejini, moja, nyingine, nyingine, kisha akatundika fimbo kwenye ndoano bila kuitafuta, kana kwamba ndoano ilikuwa hapo tangu zamani.

"Wa nne nani?" aliuliza Mashimba.

Wote walitazama upande ule. Mimi pia. Niliona maranda kwenye nywele za Joakim.

Mayu alikivuta kiti chenye mikono, akakikalia kama malkia. "Nimewatazama miaka yote. Mnadhani nilikuwa nachambua mchele tu? Gawa, Hemed."

Walicheza mpaka vivuli vikawa virefu. Mimi nilimimina chai, nikarudi mlangoni. Mayu na Mashimba walikuwa upande mmoja, na waliwachapa wenzao vibaya. Baba alitoa ree ya shupaza akaipiga mezani, pa!, sauti ileile, lakini mayu alikuwa na turufu. Ilibidi baba na Hemed wabangue karanga, mabega yakigusana, na maganda yote yakaingia kwenye droo yake. Nilijifuta macho kwa ncha ya khanga. Nilimwambia Joakim moyoni kwamba mlango wake umekwisha.

Mwishoni Mzee Hemed aliikunja meza mwenyewe, akaibeba kwa mpini, akaipima uzito.

"Ichukue," baba alisema. "Itaingia kwenye basi."

"Nikacheze na nani Tanga? Na mawimbi?" Aliirudisha, akaiegemeza kwenye goti la baba. "Ibaki hapa. Msimu ujao wa pamba, Mungu akipenda, nitakuja kulipiza. Lakini nisikute umezifunga tena karata, Bujiku. Sitaki habari za mkono."

Baba aliegemea fimbo, akainuka. Alisimama wima kabisa, kama watu wanavyosimama kwenye kikao cha ukoo. Alimtazama mkewe, akamtazama Mashimba, kisha akageuka mpaka mlangoni nilipokuwa, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akalitaja jina langu bila kupitia kwa mtu mwingine.

"Esteria, nawe usikie. Hemed, mbele ya hawa watu ninaahidi: kila Jumamosi meza hii itafunguliwa, hata tukiwa wawili, na sitazifunga karata hizi mpaka urudi ukae tena hapa."