Dawa ya Kupe

Selestina aliapa kwamba Marcel alitegwa. Kwa maneno yake, siku ya gulio Marcel alionekana akitoka uani kwa Kazimili mwenyewe hayupo, na Kazimili si mtu wa kuchezewa. Alikwisha kumfunga mkewe kwa dawa. Mwanamume mwingine akimgusa tu, basi, atajikuna sehemu za siri mpaka aende akaombe radhi mbele za watu.

"Hamumwoni anavyotembea? Kama aliyekalia siafu!" aliwaambia wanawake wenzake kisimani, nao wakacheka huku wamefunika midomo kwa khanga.

Adventina, mke wa Marcel, alikuwa nyuma yao na ndoo yake. Alingoja zamu yake, akajaza, akajitwika, akaondoka.

Kwamba mumewe anajikuna, hakuhitaji kuambiwa. Muwasho ulianza wakati wa masika kwenye makunjo ya mapaja, ukapanda mpaka kwenye korodani. Kwanza Marcel alisema ni jasho la shamba. Kisha akasema ni sabuni. Mwishowe akanyamaza, akahamishia mkeka wake chumba cha mahindi. Siku hizi kaptula zake zilikuwa zinagandamana kwa majimaji ya vidonda, na Adventina alipozifua alisikia harufu anayoijua vizuri, ya dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe.

Jioni ile alimkuta nyuma ya zizi, kopo mkononi, suruali magotini, ameuma kola ya shati.

"Baba Tecla! Unajipaka hiyo?"

"Ondoka hapa."

"Hiyo ni sumu."

"Si ndiyo iliyomponya ndama upele? Manyoya hayakurudi?"

"Kwani wewe ni ndama?"

Marcel alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga kwa ukali wa ile dawa. Kisha kicheko kikakatika.

"Wanataka nikamwombe Kazimili radhi. Radhi ya nini? Mimi nilikwenda kwake kuuliza bei ya dume la ng'ombe." Akamkazia macho. "Au na wewe unaamini?"

Adventina alichelewa kujibu. Alichelewa kidogo tu, lakini Marcel aliona. Akapandisha suruali taratibu, akaingia ndani.

Kesho yake Adventina alikwenda zahanati peke yake. Muuguzi, Pili, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, wanaume wengi wanaufichaficha muwasho huu mpaka ngozi inachubuka. Inaweza kuwa fangasi, inaweza kuwa ugonjwa mwingine wa ngozi, inaweza kuwa wa kuambukizana. Bila kumwona siwezi kukuambia. Hiyo dawa ya ng'ombe aiache leo hii, anawe kwa maji mengi. Halafu uje naye, tuwapime wote wawili."

Wote wawili. Neno hilo alirudi nalo njia nzima, mvua ikimnyeshea.

Marcel alikuwa amelala chali, magoti ameyapanua, nzi wamemzunguka. Maji ya kunawa aliyomwekea mlangoni asubuhi hakuyagusa. Alipomwona mkewe, aligeukia ukutani.

"Nimetoka zahanati," Adventina alisema. "Wamesema hiyo dawa uiache. Wamesema twende wote, tupimwe."

Akasogea karibu na mkeka.

"Jana ulipouliza sikukujibu. Hata leo sijui nikujibu nini, mimi sikuwepo kwa Kazimili. Ila mwili wako nauona unaoza, baba Tecla, na huo ndio unaoninyima usingizi. Nimesema na Yohanes dereva, atakuja na bajaji, maana pikipiki huwezi kuikalia. Tukipita kisimani watuone, wacheke mpaka wachoke. Nitakaa ubavuni mwako. Utakwenda na mimi?"

Marcel alivuta shuka taratibu mpaka likamfunika kichwa. Adventina alibaki amesimama, nguo zikimchuruzika maji, akingoja.