Kiti cha Upande wa Dirishani

Mvua ilikuwa imeushika mji wa Seremban, Malaysia, tangu adhuhuri. Badrul alikuwa jikoni anamenya shokishoki alipomwambia mkewe, bila kuinua macho, kwamba anauza mitambo ya chumba cha sinema.

"Mitambo ipi?" Wani akauliza.

"Yote. Sabufa mbili na zile amplifaya tatu. Televisheni itabaki. Devan anakuja leo kuisikiliza hiyo mitambo kabla ya kuinunua."

"Imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu. Nimechoka kufurahi peke yangu, basi. Wewe utapata pa kuwekea majora yako ya vitambaa."

Salwani, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake zima isipokuwa watu wa benki, alikuwa na duka la mapazia mjini, na ni kweli majora yalikuwa yamejaa mpaka uvunguni mwa kitanda. Mwingine angeshukuru. Yeye alisimama pale na ufagio mkononi, baridi imemwingia moyoni.

Tuseme ukweli kuhusu Badrul: ni mtu mwema, lakini maneno hutoka kwake kwa tabu. Kazi yake ni kutengeneza lifti, na siku nyingine hurudi nyumbani hajazungumza na mtu ila nyaya. Watoto walipohamia Kuala Lumpur kutafuta maisha, kilichowaokoa hawa wawili ni kile chumba. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri waliingia humo, wakafunga mapazia mazito meusi ambayo Wani aliyashona mwenyewe, wakatazama filamu. Badrul alikaa katikati, mahali ambapo wenzake wenye ugonjwa huo wa mitambo ya sauti wanapaita kiti cha mfalme. Wani alikaa kando yake, upande wa dirishani. Humo ndani Badrul alicheka, akagombana na majambazi, akamweleza mkewe mambo ya kazini na ya utotoni mwake. Chumba kikiondoka, Badrul atahamia barazani na simu yake, na huko ndiko watakakozeekea, kila mtu na kona yake. Wani alilijua hilo vizuri na lilimtisha.

Lakini angemwombaje asiuze? Kila meli ilipopasuka kwenye skrini, Badrul alishika kifua na kuuliza, "Umesikia hiyo?" Naye alijibu, "Nimesikia." Alisikia, ndiyo, kama unavyosikia gari la jirani likiwashwa. Mwili wake haukutikisika hata kidogo. Badrul alimtazama usoni, akaukuta uso umetulia tuli. Baada ya mwezi mmoja au miwili sanduku jipya lilifika mlangoni: amplifaya nyingine, nzito kuliko ya kwanza. Kisha nyingine tena. Wani aliona ni ulafi tu wa wanaume, lakini kule kutotikisika kwake kulimtia shaka, akaenda kupima masikio kwa siri, maana mama yake alikufa akiwa kiziwi. Daktari alimwambia masikio yake yanasikia hata umbea wa mtaa wa pili.

Devan aliwasili na mwavuli uliopinduliwa na upepo, kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki, na kelele zake. Alikuwa muuza vipuri vya magari, rafiki wa Badrul wa siku nyingi.

"Kak Wani, dada yangu! Leo nakuja kukuondolea mashetani ndani ya nyumba. Chai ipo?"

"Chai ipo. Mashetani ni nyinyi wawili. Vua viatu."

Wanaume wakajifungia chumbani, wakawasha mlio mmoja mzito usiokatika, ule wa kupimia. Wani akaandaa chai ya maziwa kwenye glasi na sahani ya ndizi za kukaanga, akabeba sinia. Alipofika mlangoni glasi zilianza kugongana, tiri-tiri-tiri, na yeye mwenyewe akahisi kitu kimempita mbavuni. Akaendelea kutembea. Alipofika kwenye kiti chake ili aweke sinia kando yake, glasi zikanyamaza.

"Mmezima?"

"Hatujazima," Badrul akasema, kiganja kiko kifuani.

Wani akarudi mlangoni. Tiri-tiri-tiri. Akarudi kwenye kiti. Kimya.

"Kak, chai imepotea njia?" Devan akauliza.

"Hebu nyamaza wewe."

Hapo tena hakuweza kujizuia. Aliweka sinia chini, akapiga magoti, akaanza kutambaa chumba kizima, kiganja kimoja juu ya vigae. Ukutani besi ilimjaa mpaka kooni. Karibu na kiti cha mumewe ilimpiga tumboni. Alipoelekea dirishani ikaanza kufifia, na chini ya kiti chake hapakuwa na kitu, patupu kabisa. Akajaribu kutokea upande wa pili, kwa kuwa hata kitambaa hakuwahi kukikata bila kukipima upya. Patupu palepale.

"Abang," akamwita mumewe, bado amepiga magoti, mtandio umemwendea upande, "njoo ukae hapa."

"Kwenye kiti chako?"

"Kwani kina miiba?"

Badrul akakaa. Akainamisha kichwa, akakiinua. Akahamia kwenye kiti chake, kisha akarudi tena kwenye cha mkewe.

"Devan, hapa hakuna besi."

"Acha utani, bosi. Na amplifaya tatu?"

"Njoo mwenyewe."

Devan akaja, akajitupa kitini, akatega. "Alamak," akasema polepole. "Hapa makaburini."

Akaruka kwenda kutazama sabufa zilivyokaa, moja kila pembe ya mbele. Akaeleza kwa mikono yote miwili, ndizi ikiwa kwenye mmojawapo: mawimbi ya hii na ya ile, na yale yanayorudi kutoka ukutani, yanakutana juu ya kiti hiki na kufutana. Ukiongeza nguvu, yanafutana kwa nguvu zaidi. Hata ulete amplifaya ya uwanja wa mpira, hapa patabaki hivihivi.

"Maikrofoni ya kupimia uliiweka wapi?"

"Kwenye kiti cha mfalme."

"Na hapa?"

Badrul akatikisa kichwa. Hata Devan kwake alipima kiti chake tu, kama wanavyofanya wote, na ndipo alipoanza kumfikiria Malliga, mkewe, ambaye siku hizi filamu ikianza tu huenda kupiga pasi.

"Mbona hukuniambia?" Badrul akamuuliza Wani.

"Nikuambie nini? Ulikuwa unaniuliza nimesikia, nami nasikia. Nitajuaje kwamba kuna kingine?"

"Mimi nilidhani unaniona mtoto."

"Na mimi nilidhani naanza uziwi."

"Kak," Devan akadakia, "hizi amplifaya mbili za juu unajua alizinunulia nini? Alinijia dukani, sura kama amefiwa. Eti Wani hashtuki, labda nguvu haitoshi. Nikamwambia, bosi, mke wako ni jiwe."

"Devan, funga mdomo."

"Si nasema ukweli?"

Wani akazitazama zile amplifaya zilizopangwa kwenye rafu, taa zao nyekundu zinawaka. Mara ngapi alizipangusa vumbi huku akizilaani! Kumbe muda wote ule alikuwa akiitwa. Aliona aibu, akaona na raha, vyote pamoja, akajifanya anarekebisha mtandio.

"Sasa hamna dawa?" akauliza.

Dawa ilikuwepo, na ndiyo iliyofanya watu wazima watatu wapoteze heshima yao alasiri ile. Kupata mahali pa sabufa, wenye ugonjwa huu hufanya kinyume: huibeba sabufa yenyewe na kuiweka juu ya kiti cha msikilizaji, kisha hutambaa kando ya kuta mpaka wapate mahali inaposikika vizuri, na hapo ndipo huihamishia. Wakakibebesha kiti cha Wani ile sabufa ya kulia. Wakatambaa. Devan alikwama chini ya meza, Wani akamvuta mguu huku akicheka mpaka machozi. Badrul ndiye aliyepata mahali penyewe, katikati ya ukuta wa nyuma, nyuma ya rafu ya diski. Wakaiondoa rafu, wakaiweka sabufa pale, wakavuta waya mpaka kwenye amplifaya. Safari hii maikrofoni ilizungushwa kwenye viti vyote.

Devan akaitazama mistari kwenye kompyuta yake. "Besi ya viti vyote inakaribiana sasa. Lakini bosi, cha mfalme kimepungua."

Badrul akaenda kukaa kwenye kiti chake. Ule mlio ukapita. Wani alimwona anautafuta mwilini, mkono umepanda kifuani na kushuka. Siku zake zote za mapumziko zilikuwa zimeishia kwenye kukipatia kiti kile besi yake.

"Rudisha ilivyokuwa," Wani akasema. Ilimuuma kusema, lakini alisema. "Nimeshajua kwa nini, inatosha. Wewe usiuze tu. Kaa na raha yako, mimi nitakaa na wewe."

"Wala hamna haja ya kugombana," Devan akasema. "Sabufa ibaki palepale. Mtambo unahifadhi mipangilio miwili. Wa kwanza nautengeneza ukaribie ule wa zamani, kwa siku ukiwa peke yako. Wa pili ukiwa na Kak. Kitufe kimoja tu."

Badrul akafikiri.

"Na mimi peke yangu humu nifanye nini?" akauliza. "Hifadhi huu. Ule wa zamani ufute."

"Niufute kabisa? Ule wa miaka yote?"

"Ufute."

"Kwa hiyo huuzi! Na nimekuja na mvua yote hii!"

"Kula ndizi, nenda zako kapime kiti cha mkeo," Badrul akamwambia.

Devan alipoondoka, Badrul aliweka filamu ya mlima wa moto ambayo Wani aliwahi kuitazama huku akiwaza bei za vitambaa. Mwanzoni hakuna kinachoonekana ila kijiji na kuku. Kisha mlima ukaguna huko chini, kabla moshi haujatoka. Mguno ulipanda kutoka kwenye vigae, ukapita kitini, ukamwingia Wani mgongoni na kumjaa kifua kizima. "Ya Allah!" alipiga kelele, akamkamata Badrul mkono, chai ikamwagika yote juu ya sarong aliyojifunga kiunoni.

Badrul akapapasa rimoti kwa hofu. "Imezidi? Nipunguze?"

"Usiguse!" Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. Mlima ukaguna tena, na tena akashtuka, akakaza vidole kwenye mkono wa mumewe. Akageuka kumtazama.

"Abang, miaka yote hii wewe ulikuwa unasikia hivi? Peke yako?"

Badrul akaitikia kwa kichwa.

"Maskini wee," Wani akasema, na mkono hakuuachia.