Njia Tatu za Kuhama

Njia mbili zilimshinda fisi. Bi Mitungi alipewa tatu, na saa tano kamili alitakiwa kutaja moja.

Jina hilo alibandikwa na madereva, kwa kuwa kwa miaka kumi na miwili ndiye aliyepanga mitungi ya oksijeni iende wapi kwanza. Sasa kampuni ilikuwa inahamia mfumo mpya wa kompyuta. Wakuu wa idara walikuwa wamepiga kura, zikafungana, ikabaki yake tu.

"Ni kama kuhama nyumba, dada," mtaalamu aliyekodiwa alimwambia kwa upole. "Ya kwanza, tunabeba vyote kwa siku moja. Ya pili, tunahama idara kwa idara. Ya tatu, tunaanza upya, tunachukua majina na anwani, makorokoro tunayaacha."

Bi Mitungi akaitikia kwa kichwa. Kadiri alivyoitikia ndivyo alivyozidi kutoelewa. Ya kwanza ilimvutia, mpaka akaambiwa ikikwama, kila kitu kinasimama. Ya pili nayo, mpaka akasikia kwamba kwa miezi minane kila oda itaandikwa mara mbili. Ya tatu ndiyo aliyoipenda meneja, na Bi Mitungi alikuwa amechoka. Aichague tu, yaishe.

"Na faksi zinaenda wapi?" akauliza, asionekane hana hata swali.

Chumba kizima kikacheka. "Faksi!" Meneja alifuta machozi. "Nani ana faksi siku hizi? Hizo ndizo za kuacha."

Mfumo wa zamani haukuwa na mahali pa kuonyesha wagonjwa wa nyumbani wanaoishi kwa oksijeni. Aliyemwachia kazi alimfundisha Bi Mitungi kuwaandikia tarakimu 1 kwenye nafasi ya namba ya faksi, na kila asubuhi orodha ya madereva ilianza na hao. Hakuna palipoandikwa hivyo.

"Nyumba arobaini na moja," alisema. "Hawawezi kumaliza nusu siku bila mtungi."

"Mbona hatujui?" meneja akauliza.

"Nilidhani mnajua! Kwani mtungi wa mzee wako, bosi, unafikaje kabla ya ile ya hospitali? Baba yako anapumua kwa faksi."

Meneja akamgeukia mtaalamu. "Ya kwanza inabeba faksi?"

"Inabeba. Ila mfumo mpya unakataa faksi yenye tarakimu moja."

"Ya pili?"

"Itategemea."

"Inategemea nini?"

Mtaalamu akaugeukia ubao alikoziandika njia zake tatu. Dereva mkuu akanyoosha mkono taratibu: yeye nyumba zenye mbwa mkali huziwekea alama kwenye nafasi ya sanduku la posta. Kisha mkono wa mama wa mauzo. Kisha wa mhasibu, ambaye hakuinua macho.

Meneja hakuwatazama. Alikuwa bado anamtazama Bi Mitungi.

"Na siku ukiugua wewe," aliuliza polepole, "nani anajua ile moja maana yake nini?"

Bi Mitungi akavuta karatasi, akaanza kuandika: faksi 1, mgonjwa wa nyumbani. Miaka kumi na miwili, hajawahi kujiuliza.