Mto Uliofuliwa

Mimi ni mtu wa usafi, na sitaomba radhi kwa hilo. Darasa la chekechea lina watoto ishirini na sita, kila mmoja na kamasi zake; ukilegea siku moja tu, umekwisha. Ndiyo maana kila muhula ukianza huwaambia wazazi: godoro, shuka na mto wa kulalia mchana vije vimefuliwa. Mwaka huu aliyenisikia vizuri kuliko wote ni Lamduan, mama yake Yok.

Lamduan anamenya kamba wa baharini kiwandani hapa Mahachai, mji wetu wa pwani. Kama wengi wa kule Isan, bara ya mbali, alimwacha mtoto kwa bibi tangu akiwa mchanga, akaja mjini kutafuta. Sasa Yok ametimiza miaka minne, na mama amemchukua wakae pamoja. Wana wiki tatu tu. Bibi alikubali kwa shingo upande: mtoto asipoizoea shule hadi Jumamosi, bibi mwenyewe anapanda basi kuja kumrudisha kwao Roi Et, huko huko Isan.

Siku ya kwanza, baada ya wali na kupiga mswaki, niliwapaka watoto poda nikawalaza. Yok akaukumbatia mto wake aliotoka nao kwa bibi, akaunusa, akauweka chini. Akaunusa tena.

"Huu si wangu."

"Ni wako, mtoto wangu. Ona, mweupe pe!"

"Wangu una harufu ya bibi. Huu una harufu ya maua."

Akaangua kilio ambacho sijakisikia kwa miaka kumi na tisa ya kufundisha. Jumatatu hiyo akawaamsha wenzake wote. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hakugusa hata chakula, maana alishajua kinachofuata baada ya kula. Nikajaribu hadithi, nikajaribu kumbeba. Usiku nikajilaza nikijiuliza nani aliyefua harufu ya bibi ikaenda na maji, na jibu nilikuwa nalo. Nilijichukia.

Alhamisi nikampigia Lamduan simu nimwombe radhi. Sikumaliza. Aliposikia kilio cha mwanawe nyuma yangu, alikata. Dakika kumi baadaye alikuwa mlangoni anahema, bado amevaa lile sweta zito wanalovaa humo kiwandani kwa sababu ya baridi ya barafu, mikono imeloa hadi viwikoni. Harufu ya kamba ilitangulia kuingia.

Yok akamkimbilia. Mama akarudi nyuma.

"Usinishike, mwanangu, nanuka! Ngoja kwanza ninawe."

Kumbe kila jioni, kabla ya kuja kumchukua, huoga kiwandani kwa sabuni na ndimu hadi ngozi inamuwasha. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa mtoto asije akasema bibi ananukia, mama ananuka.

Lakini nani wa kumzuia mtoto wa miaka minne? Alishamganda, uso ameuzika kwenye sweta. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Alilala amesimama, jamani, mkono umeshika ukosi.

"Nifanyeje, Mwalimu? Wameniruhusu nusu saa tu."

"Vua hilo sweta, Mama Yok."

"Linanuka!"

"Nina pua. Vua."

Tulimlaza, mto nikauvika lile sweta, na mama akarudi kwenye barafu na fulana tu. Darasa zima likanuka soko la samaki. Tong, ambaye hakosi neno, akainua kichwa: "Mwalimu, nani kaleta paka?" Nikamwambia afunge macho. Mimi mwenyewe nilifungua madirisha yote, nikakaa karibu na Yok hadi saa nane, nikilia kidogo na kucheka kidogo.

Ijumaa alikuja na mto ndani ya sweta. Alikula wali wote, akaomba mchuzi tena, akalala kabla ya wenzake. Alipoamka, mwenzake wa godoro la pili alikuwa ameziba pua.

"Mto wako unanuka!"

"Unanuka mama yangu," Yok akajibu, akaupakata. "Wako je?"

Jioni nilimweleza Lamduan. Akaketi kwenye ngazi ya darasa, akampigia bibi palepale, na kwa kuwa bibi haamini simu, anapiga kelele mpaka tulio uani tunasikia.

"Nishafunga mizigo! Kesho alfajiri nipo!"

"Mama, usije kumchukua. Amelala shuleni siku mbili."

"Kwa mto wangu?"

Lamduan akamtazama mwanawe anayegombania bembea na Tong.

"Kwa mto wako, mama. Na sweta langu."

Sasa sauti ya bibi ikaja chini kabisa, ikabidi nisogee kuisikia.

"Basi nitakuja hivyo hivyo. Kutembea tu, kama wageni wengine."