Mama Hayupo Kuanzia Saa Mbili

Jumamosi saa nne asubuhi Baba alipanda ngazi kufunga kidhibiti joto sebuleni, na Mama akaishika ngazi kwa chini. Kidude chenyewe ni kama simu pana iliyobandikwa ukutani. Kina kioo cha kugusa, na ukishakipangia ratiba kinawasha na kuzima kiyoyozi peke yake, kinaleta joto msimu wa baridi na ubaridi msimu wa joto. Waya wa zamani ulitokea juu karibu na dari, kwa hiyo kikafungwa huko huko juu. Ngazi ilikuwa ya jirani, na mguu wake mmoja mfupi. Mama aliuwekea kadibodi, akaikanyaga kadibodi isiteleze, mkono mmoja ukashika ngazi, mwingine tochi, na skrubu nne za kifuniko akazibana midomoni, kwa kuwa Baba alisema zikiwekwa mezani zitapotea.

Kioo kiliwaka, kikauliza lugha. Baba akachagua Kiswahili. Kikauliza saa ya kutoka. Baba akaandika mbili. Binti alikuwa kwenye kochi anapaka kucha rangi, akasema bila kuinua kichwa, "Baba, hicho kinaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa mbili yako ni nane yake. Utatugandisha tukiwa kitandani."

Baba akafuta, akaandika nane. Kurudi, kumi na saba. Jumatatu hadi Ijumaa.

Kisha kikauliza: Watu nyumbani mchana?

Baba akafikiri. Yeye ni mtunza stoo kwenye ghala la saruji. Binti anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Wote wawili hutoka pamoja saa mbili kasoro. "Mchana si hakuna mtu?" aliuliza.

"Mm-mm," alisema Mama na skrubu zake.

"Ndiyo hivyo," alisema Baba, akagusa Hakuna.

Hapa ndipo pa kuangalia. Anayesoma haya ashike hili hata kama mengine yatampita: siku ya maswali usibane kitu mdomoni.

Jumatatu saa mbili kamili, Baba na Binti wakiwa hawajafika hata kwenye kona ya barabara, kidude kililia mara moja kikaandika Nyumba tupu. Kiyoyozi kikanyamaza. Mama alikuwa chumbani anapiga pasi shati la Baba la Jumanne, na pale pale akawa hayupo. Pasi ilikuwepo, shati lilikuwepo, mvuke ulikuwepo. Alijitazama kwenye kioo cha kabati akaona kitanda kilichokuwa nyuma yake, na akaona kwamba shuka halijatandikwa vizuri upande wa ukutani. Akamaliza kola, akaenda kulitandika.

Kazi haikupungua. Vyombo vilioshwa, sakafu ikapigwa deki, nguo zikaanikwa. Joto lilishuka hadi digrii kumi na mbili, Mama akavaa sweta mbili, nazo zikawa hazipo. Saa nne jirani alikuja kuchukua ngazi yake. Mlango ukafunguka, akaona fagio la deki linapita sebuleni kwa mwendo wake.

"Hodi. Wenyewe hawapo?"

"Nipo, jirani, pita," alisema Mama, lakini sauti ilitoka kama friji linapoanza kunguruma.

Jirani alilisikiliza friji kidogo. "Basi akirudi mwambie nimechukua ngazi," aliliambia fagio. Alikuwa mtu wa adabu. Alipita pembeni asikanyage palipolowa.

Saa sita akaja mleta gesi na mtungi begani. Mlango ukafunguka. Alichungulia ndani, akasubiri, akasema, "Mimi sikabidhi mtungi kwa mlango," akateremka nao ghorofa zote tatu.

Saa kumi na moja jioni kidude kikaandika Karibuni nyumbani, joto likarudi, na Mama akarudi pia, amesimama mbele ya jiko lisilo na gesi, mwiko mkononi. Alipikia jiko la mkaa, chakula kikachelewa. Baba akauliza kwa nini.

"Mzee, mchana huwa sipo," alisema Mama.

"Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Sipo humu humu."

Baba alimtazama kutoka kwenye kitambaa cha kichwani hadi kwenye kandambili. "Mbona nakuona?"

"Sasa hivi ni saa moja ya jioni."

"Basi tatizo liko wapi? Mchana mimi sipo, Binti hayupo. Nani anataka kukuona?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza stoo, nani ameomba mzigo huu. Mama alitafuta jina la kutaja akalikosa, akaenda kupakua.

Wiki ya pili alishazoea. Wauza sufuria wa mlangoni hawakumsumbua tena. Akitoka na kuvuka kizingiti anarudi kuwa mtu, na akikutana na jirani ngazini jirani humwambia, "Umerudi? Nilipita kwako, fagio likanipokea vizuri."

Alhamisi ndipo simu ilipoita, jioni, kwa bahati nzuri. Alikuwa dada yake mkubwa. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka sita, tangu walipogombana msibani kwa mama yao kwa ajili ya sufuria kubwa ya marehemu. Dada alichukua sufuria, Mama akachukua mfuniko, na kila mmoja akaondoka kivyake.

"Jumatano nitapita mjini kwenu," alisema dada. "Nitakuwa na nafasi ya saa tatu, kuanzia saa sita hadi saa tisa. Nije, nisije?"

"Njoo."

"Maana nikija nikakuta umejifungia ndani, mdogo wangu, sitarudi tena. Magoti yangu hayana ghorofa tatu mara mbili."

Mama alipokata simu alikaa chini. Dada akibisha na kukuta mlango unafunguka na mtu hayupo, atajua amekimbiwa. Angeweza kumsubiri nje ya mlango, lakini mtu uliyegombana naye ukimpokea ngazini kama msoma mita, atajua hutaki aingie.

Jumamosi, Baba akiwa ameenda kunyoa, Mama aliazima tena ngazi, akapanda mwenyewe. Akagusa neno Badilisha. Kioo hakikuhisi kitu. Sabuni na sufuria za moto zilikuwa zimezifuta ncha za vidole vyake kwa miaka ishirini na mitatu, zikabaki laini na kavu kama karatasi. Akajaribu kidole gumba, akajaribu kiwiko. Mwishowe akajaribu pua. Pua ilihisiwa, ikafungua hali ya hewa ya mji mwingine, ambako kulikuwa na mawingu kiasi. Alipogusa tena kidude kikaomba namba ya siri. Akashuka.

Jumatatu alikwenda kwa fundi wa viyoyozi, kibanda cha tatu baada ya kona. Fundi alimsikiliza huku akipuliza vumbi kwenye feni.

"Mama, kidude ni kizima," alisema fundi. "Kinafuata maelezo. Aliyekijaza amesema hakuna mtu."

"Lakini kina jicho. Mume wangu alinionyesha, kitone cheusi pale chini. Kinaniona napita siku nzima."

"Kinakuona, ndiyo. Ila kinaamini kilichoambiwa kuliko kinachokiona."

"Alipokuwa anakiambia nilikuwa nimemshikia ngazi."

"Ngazi hakiulizi, Mama." Fundi akaiweka feni chini. "Akurekebishie kwenye simu yake, ni dakika moja. Mke wangu naye alipotea wiki nzima, tukampata."

"Mlimwandika nini?"

Fundi akaichukua tena feni, akaipuliza ilipokuwa imeshapulizwa.

Jumanne baada ya kula Mama aliweka simu ya Baba mbele ya Baba. "Mzee, kesho dada anakuja. Niandike."

Baba hakubisha. Shemeji yake alikuwa na ulimi, na hakutaka jina lake litajwe katika habari ya mlango uliofunguka wenyewe. Akafungua ratiba, akagusa Ongeza mtu. Binti akasogea karibu kumsomea, kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo.

"Anayefanya kazi nyumbani," alisoma Binti.

"Hiyo hiyo," alisema Mama.

Baba akagusa. Kikauliza jina la mwajiri, na siku za likizo.

Baba aliweka kidole juu ya nafasi ya jina, akakiondoa. "Siwezi kuidanganya mashine," alisema. "Stoo nikiandika kitu kisichokuwepo nafukuzwa."

"Andika jina lako," alisema Mama.

"Mimi mwajiri wako? Tangu lini? Halafu kwenye likizo niandike nini?"

Binti akashuka chini kwenye orodha. "Mwanafunzi. Kinataka jina la shule. Mtoto. Mwisho miaka kumi na saba. Mgonjwa. Kinataka barua ya daktari."

"Meno yananiuma kidogo," alisema Mama.

"Mama, yule daktari haandiki barua kwa meno mazima, nitafukuzwa mimi." Akashuka zaidi. "Hapa. Mnyama wa kufugwa. Hiki hakina maswali. Kinauliza tu kama anakaa ndani au nje."

Baba na Binti wakamtazama Mama. Wewe unayesoma unaweza kusema ungekataa. Useme hivyo kama hujawahi kugombana na dada yako kwa ajili ya sufuria.

"Nitaonekana?" aliuliza Mama.

Binti akasoma. "Kinasema joto halitashuka chini ya digrii kumi na nane, kwa afya ya mnyama, na nyumba itamtambua."

"Weka ndani," alisema Mama.

Jumatano saa mbili kamili kidude kililia mara moja. Kikaandika Nyumba tupu, na pembeni kikachora paka mdogo. Kiyoyozi kilipunguza sauti lakini hakikuzima. Mama aliangalia kwenye kioo cha kabati akajiona mzima, pamoja na mvi mbili ambazo hazikuwepo mara ya mwisho. Akachana nywele. Mleta gesi alikuja saa tatu, akamkabidhi mtungi, akamwambia, "Leo upo." Mama akasema yupo.

Saa sita na robo dada alibisha. Alikuwa amepanda ghorofa tatu akiwa amevaa koti zito, anahema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nilidhani utajificha."

"Nijifiche wapi? Pita ndani."

Dada akapita, akakaa kwenye kochi. Mama akaleta chai. Walikunywa nusu kikombe, na kila mmoja alikuwa anajua mwenzake anafikiria sufuria.

"Ilitoboka," alisema dada. "Mwaka ule ule. Nilichelea kukwambia."

"Mfuniko ninao. Huwa nafunikia ndoo."

Dada akacheka kwanza, Mama akafuata, na wakacheka mpaka dada akashika mbavu. Baada ya hapo maneno ya miaka sita yalitoka yote pamoja, yakigongana mlangoni. Habari za magoti, za wajukuu, za nani amekufa na nani alistahili. Katikati ya hayo dada aliinua macho akamwona paka ukutani.

"Na wewe wamekufungia?"

"Wiki tatu sasa."

"Wewe ndiye paka?"

"Tangu leo."

Dada akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali. "Kwangu alikifunga mwanangu, nilipohamia kwake kumlelea watoto. Mimi ni mmea wa ndani."

"Mmea?"

"Alisema mimea haiulizwi hata ndani au nje. Napewa digrii kumi na tano, na kila Ijumaa kinamkumbusha mwanangu anisogeze dirishani." Akavua koti. Chini yake kulikuwa na sweta. Akaivua, na chini yake kulikuwa na nyingine. Alizikunja nne, akazipanga kwenye mkono wa kochi. "Kumi na nane ni nzuri. Una bahati, mdogo wangu. Umebebwa."

Walikaa hivyo mpaka saa tisa kasoro. Mama alimsindikiza hadi chini, ghorofa moja baada ya nyingine kwa sababu ya magoti, na dada akasema atarudi kabla ya mwezi kwisha, kama watoto watapata wa kuwaangalia. Kisha Mama akapanda juu kuosha vikombe.

Saa kumi na moja na nusu Baba alirudi, vumbi la saruji kwenye nyusi. Simu yake ilikuwa imepokea taarifa ya siku, naye hupenda kuisoma kwa sauti kabla ya kuvua viatu.

"Nyumba ilikuwa tupu kwa saa tisa," alisoma. "Watu, hakuna. Wanyama, mmoja. Mimea, mmoja." Akaisogeza simu mbali na macho. "Mmea? Mmea umetoka wapi?"

"Alikuja dada," alisema Mama.

"Ahaa. Hajambo?"

"Hajambo. Amekusalimu."

"Salamu zimefika," alisema Baba, akapandisha joto hadi digrii ishirini na mbili, kwa kuwa sasa nyumba ilikuwa na mtu.