Kiti Kinachotazama Nyuma

Kaka yangu Arlen hajawahi kuniomba kitu bila kunichokoza kwanza. Kwa hiyo aliponipigia simu mwezi wa Juni na kuniambia sauti yangu sasa ni ya bibi kizee, nilijua kuna jambo. Alitaka nimshawishi Marlys, binti yake wa pekee, aje kwenye maonyesho ya wagoni, yale magari marefu ya familia ya zamani, pale mjini Hastings.

"Wewe anakusikiliza," alisema. "Mimi nikimpigia yuko kazini. Jumapili yuko kazini, Krismasi yuko kazini. Ni daktari wa meno, Twila! Nani anang'olewa jino siku ya Krismasi?"

Mwezi wa Aprili alikuwa amerudisha leseni yake ya udereva kwa sababu ya macho. Miaka themanini na miwili, na huko kutoendesha kulimuuma kuliko kifo cha mkewe Joyce, ingawa hawezi kukiri. Sasa wagoni yake, Buick ya mwaka 1979, ilikuwa imekaa bandani bila dereva. Alitaka Marlys aichukue. Marlys akikataa, basi ingekwenda kwa Denny Krupp wa Ohio, ambaye amekuwa akiizungukia kwa miaka minne kama paka jikoni.

"Sijui nilimkosea nini yule mtoto," Arlen akasema kabla ya kukata simu.

Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua kwa miaka arobaini na minne.

Basi siku ya maonyesho ikafika, na Marlys alikuwa ameniahidi atakuja saa tano. Wagoni kama thelathini zilikuwa zimepangwa kwenye nyasi za uwanja wa maonyesho, ndefu, zimelala chini, zimebandikwa ubavuni zile mbao ambazo si mbao. Asiyependa magari haya hataelewa watu wazima wanafanya nini pale. Wanapiga magoti kukagua kama plastiki ya kuiga mbao ni ya kiwandani au imebandikwa juzi. Wanafungua mlango wa nyuma unaofunguka namna mbili, mara kama mlango wa chumba, mara unalala chini kama meza, halafu wanaufunga, halafu wanaufungua tena. Na kila mmoja ana hadithi ya kule walikolala watoto wakienda kwa nyanya yao. Mimi nawapenda watu hawa, ila wanachosha.

"Mzee Dykhouse," Denny alimwita kaka yangu huku akipapasa ubavu wa Buick, "hii mbao ni ileile ya kwanza kweli?"

"Ileile. Kama meno yangu."

"Meno yako unayavua ukilala."

"Ndiyo, lakini ni yangu. Toa mkono."

Marlys alifika na kikombe cha kahawa, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye mabega ya baba yake. Mimi alinikumbatia sana. Baba yake alimshika mkono.

"Umepungua," Arlen akasema.

"Ulisema hivyo hata nilipokuwa nimenenepa."

Akamzungusha gari lote. Alimwonyesha injini, akamwonyesha dari alilolishona upya, kisha akafungua nyuma na kuinua kile kiti cha tatu, kiti cha watoto, kinachotazama kule mlikotoka. "Kiti chako," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha mpaka nikaona aibu kumtazama. Akatoa ufunguo mfukoni. Katika msafara wa magari wa saa nane, chama chetu cha wenye wagoni kina sharti moja tu: kila safu ya viti iwe na mtu, maana wagoni tupu ni jeneza. "Utaendesha wewe. Shangazi yako atakaa katikati, mimi nyuma. Na ukimaliza, nenda nalo nyumbani. Ni lako."

Marlys aliutazama ufunguo. "Mpe Denny," akasema.

"Umekulia humu ndani."

"Ndiyo maana, Baba. Mpe Denny."

Arlen akarudisha ufunguo mfukoni. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo kilichokuwa kisafi, akakifuta na kukifuta. Nilitaka kumkasirikia Marlys nikashindwa, kwa sababu wa kukasirikiwa nilikuwa mimi.

Kiangazi cha mwaka 1979 gari hili lilikuwa na miezi mitatu. Tulikuwa tunaelekea South Dakota, Arlen na Joyce mbele, mimi katikati, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimechukuliwa ili nisaidie kumwangalia mtoto. Marlys, miaka tisa, alikaa nyuma kabisa na mbwa wake Tippy. Akina baba wa wakati ule walikuwa na ugonjwa wa kutosimama. Arlen alihesabu saa za safari kama mtu anayefukuzwa, na ukiomba kwenda msalani alikutazama kwenye kioo kana kwamba umemtukana mama yake. Nje ya mji mmoja mdogo wa Minnesota tulijaza mafuta, tukafungua mlango wa nyuma kutoa vinywaji, tukaufunga, tukaondoka. Nikasikia Marlys anapiga kelele nyuma yangu. Nikageuka. Tippy alikuwa barabarani, anakimbia kutufuata.

Gari hili lina urefu wa mita tano na nusu. Madirisha yalikuwa wazi, redio ilikuwa inaimba, na mbele Arlen alikuwa anamwambia Joyce kwamba tumepoteza dakika arobaini. Hakusikia. Yule mtoto alinishika bega na kuniambia, "Shangazi, mwambie Baba!" Nami nikamtazama kaka yangu kisogoni, shingo yake nyekundu, nikaogopa. Nikamwambia mtoto, "Baba amesikia. Amesema hatuwezi kurudi."

Maneno hayo ni yangu. Jioni, tulipofika hoteli, Arlen alizunguka vichaka akimwita Tippy mpaka sauti ikakauka, akiamini mbwa ametoroka palepale. Marlys alisimama mlangoni akimtazama baba yake akiigiza, maana ndivyo alivyodhani, na hakusema kitu. Hajasema mpaka leo. Mimi pia nilinyamaza. Kwanza nilisubiri kaka apoe, halafu miaka ikawa mingi mno.

Kipaza sauti kikatangaza kwamba msafara unaanza baada ya dakika ishirini. Denny akasogea, mikono nyuma, anatabasamu. Nikamwambia aende akale soseji.

"Arlen," nikasema, "weka hicho kitambaa chini. Na wewe Marlys, usiondoke."

Nikawaambia. Niliyasema vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, lakini niliyasema yote: barabara, bega langu, na yale maneno niliyomwekea Arlen kinywani. Nilipomaliza, Marlys alikuwa amemwaga kahawa kiatuni na hajui.

"Hukusikia?" akamuuliza baba yake.

"Sikusikia kitu. Nilimtafuta yule mbwa mpaka nikachanika mikono." Arlen akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia, Twila? Ningesimama. Haki ya Mungu ningesimama."

Wagoni ya jirani iliwasha injini, ile ngurumo ya taratibu ambayo kwa kawaida humfanya kaka yangu afumbe macho kwa raha. Safari hii alikuwa anatazama nyasi. Kisha akaketi juu ya mlango wa nyuma uliolala.

"Hapana," akasema. "Nisidanganye na uzee huu. Nisingesimama. Ningesema tutakununulia mwingine."

Marlys alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. Akakaa kando yake pale juu ya mlango, miguu yao minne inaning'inia. "Ndivyo ungesema," akamwambia. "Hivyohivyo kabisa."

"Samahani, mwanangu."

"Ulikuwa mkaidi wewe, Baba."

"Nilikuwa na haraka. Hata sikumbuki haraka ya nini."

Marlys akanyoosha mkono, na Arlen akampa ufunguo. Nami, mjinga, nikaona mambo yamekwisha, nikaokota mkoba wangu niingie safu ya katikati.

Marlys alinizuia kwa macho tu. "Baba nimemjua maisha yangu yote," akasema. "Wewe, Shangazi, nilidhani ndiwe mwema. Kila nilipolia nilikuja kwako."

Akamshika baba yake mkono, akamkalisha mbele, akamfunga mkanda. Mimi nikabaki nimesimama kwenye nyasi na mkoba wangu. Alichosema kilikuwa kweli. Buick ikaingia kwenye mstari, safu mbili za viti zikiwa tupu, na wenye chama wakaiangalia wasithubutu kutamka sharti lao.

Ilifika langoni. Hapo taa za breki zikawaka, na gari likasimama. Nyuma yake wagoni ishirini na kitu zikaanza kupiga honi, Denny akapaza sauti kuuliza kama limekufa, lakini halikuwa limekufa, injini ilikuwa inanguruma vizuri tu. Lilikuwa limesimama. Nilianza kutembea, halafu nikakimbia, na goti langu hili bovu, mkoba unanipiga ubavuni, mbele ya watu wote. Nilipofika nikakuta wote wawili wanatazama mbele, na mpaka leo sijawauliza ni nani kati yao aliyesema lisimame.