Siku Nane Mbele

Pale gazetini walimwita Mzee Kalenda, na hata mlinzi wa getini hakujua kama alikuwa na jina jingine. Miaka thelathini na saba aliandika safu moja tu, ile ya ukurasa wa kumi na mbili, pembeni mwa chemshabongo: "Siku Kama ya Leo." Nani alizaliwa, nani alivikwa taji, meli gani ilizama, daraja gani lilifunguliwa, vita gani viliisha. Watu hudhani kazi ya namna hiyo ni lelemama. Basi wajaribu wao kumtafutia msomaji jambo la maana katika siku ambayo dunia nzima iliamua kulala usingizi.

Alikuwa na kabati la chuma lenye droo kumi na mbili, na ndani yake kadi mia tatu sitini na sita, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukurasa wake haukuwa wa habari motomoto, kwa hiyo ulifungwa mapema: mhariri ausome, msahihishaji aupitie, mpanga kurasa aupange. Ndiyo maana Mzee Kalenda aliiandika kila siku yake siku nane kabla haijafika. Tarehe sita aliandika ya kumi na nne. Akishamaliza, aliigeuza kadi kichwa chini na kuisukuma droo kwa goti. Kwake yeye, siku hiyo ilikuwa imekwisha na habari zake.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu huyu aliyejua siku za kuzaliwa za wafalme na wanariadha aliishi siku nane mbele ya watu wa nyumbani kwake. Aliwahi kwenda kung'oa jino wiki nzima kabla ya miadi, akagombana na nesi mpaka jino lenyewe likaacha kuuma. Aliwahi kuwatakia wenzake heri ya mwaka mpya huku mwaka wa zamani ukiwa bado unahema. Ofisini walicheka, naye akacheka nao. Nyumbani hakikuwa kichekesho.

Binti yake wa pekee alizaliwa tarehe kumi na nne. Kila mwaka, ilipofika tarehe sita ya mwezi aliozaliwa, baba alishika kadi ya kumi na nne na moyo ukamruka: kumbe leo ndiyo siku ya mwanangu! Alirudi jioni na mdoli, au viatu, au kopo la biskuti, akaanza kuimba tangu mlangoni. Mkewe humwambia, "Mume wangu, bado wiki nzima na siku moja." Naye hujibu, "Sawa, sawa, siku yenyewe ikifika tutarudia." Siku yenyewe ilipofika, yeye alikuwa tarehe ishirini na mbili, huko na meli zake na vita vyake, na alirudi mikono mitupu.

Mwaka binti alipotimiza miaka tisa, baba alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, amevaa gauni la njano lililopigwa pasi.

"Mbona umependeza hivyo, mama? Mnakwenda wapi?"

"Leo ni siku yangu, baba."

"Ah! Si tulishaimaliza wiki iliyopita?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa, na ndiyo sababu hakuliona kosa lake. Mtoto hakulia. Aliinuka, akaingia ndani, akavua viatu na kuvipanga vizuri chini ya kitanda. Aliyesema ni mkewe, na alimsema vilivyo.

"Unajua mpaka siku aliyozaliwa farasi wa mfalme," alimwambia, "lakini mwanao anakungoja mlangoni kama mgeni."

Aliahidi kujirekebisha. Aliahidi mwaka ule, na uliofuata, na mwingine. Lakini mganga hajigangi, na kadi zilikuwa na nguvu kuliko ahadi.

Binti akakua, akaolewa, akahamia mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Simu ikachukua nafasi ya midoli. Kila mwaka, tarehe sita, saa nne asubuhi, baba alipiga akiwa na kadi mkononi: "Hongera ya kuzaliwa, mama!" Naye binti alijibu, "Ahsante, baba," bila kumsahihisha. Mzee alidhani ni tabia njema tu, mpaka mkewe alipougua ugonjwa uliomwondoa. Mama yule alimshika mkono akamwambia, "Kabla hujafa, mpe yule mtoto siku yake. Ile yenyewe, si ya kwenye makadi yako." Neno la mgonjwa halisahauliki. Lilimchoma miaka miwili.

Mwaka huu binti alikuwa anatimiza arobaini, na mzee mwenyewe angestaafu mwisho wa mwezi. Akaapa kwamba safari hii hatateleza.

Tarehe sita asubuhi alitoa kadi ya kumi na nne. Mkono ukamwasha kupiga simu. Aliizima simu, akaitia kwenye droo ya mwezi wa pili, akaifunga kwa ufunguo na ufunguo akaukalia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sheria ya safu yake ilikuwa moja, na aliitunga mwenyewe: hapaingii jamaa ya mtu. Aliwahi kumkatalia hata mhariri mkuu kumwingiza mama yake mzazi. Sasa, saa nne kamili, chini kabisa baada ya daraja na mwanariadha, aliandika:

"Siku kama ya leo, miaka arobaini iliyopita, saa moja asubuhi, mvua ikinyesha, alizaliwa mtoto wa kike wa kilo mbili na nusu. Baba yake amechelewa kumpongeza."

Mhariri aliusoma mstari ule mara mbili, akamtazama juu ya miwani.

"Huyu ni nani, mzee? Ana umuhimu gani katika historia?"

"Mkubwa kuliko daraja," alijibu Mzee Kalenda.

Mhariri akatia saini.

Mchana mpokeasimu alipita mezani kwake na kikombe cha chai. "Mzee Kalenda, kuna mwanamke amepiga anauliza kama uko mzima. Nikamwambia mzima sana, tena leo anatembea kwa madaha. Akashukuru, akakata."

"Hakutaja jina?"

"Wala."

Mzee alidhani ni msomaji. Wasomaji wake wengi walikuwa watu wazima, na watu wazima huulizana uzima. Akaendelea na kazi huku akipiga mluzi.

Siku nane zile aliziishi moja moja, kama watu wengine wanavyoishi. Hakumpigia binti simu hata kidogo, asije akaropoka. Tarehe kumi na nne alfajiri alivaa koti lake la harusi, ambalo tumboni lilikataa kufunga, akanunua gazeti likiwa bado linanuka wino, akanunua keki ndani ya boksi, akapanda basi. Njia nzima aliishika ile keki mapajani. Alikuwa na furaha ambayo hata aliionea aibu.

Binti alifungua mlango akiwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, kitambaa kichwani, gauni la kazi limelowa.

"Shikamoo, baba! Kuna nini? Nani kafa?"

"Marahaba. Hakuna aliyekufa. Hongera ya kuzaliwa, mama. Leo! Leo yenyewe!"

Binti alilitazama boksi, akamtazama baba yake, akafuta mikono kwenye gauni taratibu.

"Karibu ndani," alisema.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa kwake alikuwa na miaka sita na mapengo mawili ya mbele. Alikuja mbio kutoka uani, akamwamkia babu, akaliona boksi.

"Babu, umechelewa! Keki ya mama tulishakula."

"Lini, mjukuu wangu?"

"Siku ile ya kuzaliwa kwake. Tuliweka simu katikati ya meza, ikakataa kulia. Mama akasema tusikate mpaka babu apige. Tukangoja, tukangoja, mshumaa ukaisha wenyewe."

"Nenda kaniangalizie maji yasifurike," mama yake alimwambia, na mtoto akatoka.

Mzee aliketi bila kukaribishwa kiti.

"Tarehe sita?" aliuliza.

"Tarehe sita, baba. Tangu huyu azaliwe."

"Lakini wewe ni wa kumi na nne. Nilikuwepo."

"Najua. Hata cheti kinasema kumi na nne." Binti aliongea kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko makelele. "Ile ya kumi na nne niliingoja mlangoni miaka yote, hukuja hata mara moja. Ya sita hukuikosa hata mara moja. Nikaona kuliko kukungoja siku ambayo hupo, heri nihamie ile uliyopo. Mtoto wangu hajui nyingine."

"Na aliyepiga ofisini..."

"Simu yako ilikuwa imezimwa. Nikajua umeanguka mahali. Yule dada akaniambia u mzima, unatembea kwa madaha." Alijaribu kucheka. "Nikasema basi. Na hii nayo ameisahau."

Mzee Kalenda alitaka kueleza habari za mkewe, na neno la mgonjwa, na ufunguo aliokuwa ameukalia. Badala yake alitoa gazeti kwenye koti, akalifungua ukurasa wa kumi na mbili, akaweka kidole chini kabisa.

Binti alisoma. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Uliandika lini hii?"

"Tarehe sita."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nne kamili."

"Saa nne nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa," alisema binti, "naitazama simu."

Huko nje maji yalikuwa yanafurika kweli, na mtoto anaita. Binti alilikunja gazeti mara nne, akalitia kifuani ndani ya gauni.

"Ngoja nianike nguo kwanza, zisije zikanuka. Halafu tutaikata hiyo keki."

Baba alimfuata uani na koti lake la harusi, akachukua kikapu cha vibanio, akawa anampa kimoja kimoja. Shuka, foronya, gauni dogo la shule. Mjukuu aliwatazama huku na huku, akashindwa kuelewa.

"Mama, kwani na leo ni siku yako?"

Binti alinyoosha mkono kupokea kibanio. Hakumtazama baba yake.

"Hapana," alisema. "Leo ni siku ya babu."

Mzee alitafuta kibanio kingine kikapuni. Vilikuwa vimejaa tele, lakini alipapasa kwa muda mrefu.